Transfa ya kwenda Haas, Berkeley ukitokea komyuniti koleji: ianze mapema, sio Novemba

Kila mwaka Novemba ikikaribia kuisha simu yangu haipumziki. "Kaka naomba uniangalizie insha, dedilaini keshokutwa." Insha naangalia, sina neno, ila kabla sijaifungua huwa nauliza kitu kimoja tu, kalkulasi ya pili ushachukua? Hapo ndo panakuwaga na kimya kirefu, halafu "ya pili ipi tena?" Basi mtu huyo ninajua kabisa hata aandike insha ya kutoa machozi, safari yake imeisha tangu semesta ya kwanza alipojaza ratiba kwa kuangalia siku gani hana shifti.

Kwa hiyo mwongozo huu nauandikia wewe ambaye ndo kwanza umefika California, au uko Bongo au Nairobi unapanga kuja, au ushaanza komyuniti koleji (vile vyuo vya umma vya miaka miwili) na unataka kumalizia digrii ya biashara pale Haas, UC Berkeley. UC ni mfumo wa Chuo Kikuu cha California, na Berkeley ni kampasi yake mojawapo. Mengi yatakufaa hata ukiwaza shule zingine, ila nitakaa sana na Haas kwa sababu ndo njia ninayoijua.

KWANZA UJUE UNAENDA WAPI

Haas ni shule ya biashara ya Berkeley, ilianza mwaka 1898, na kwa Marekani ni katika shule za biashara kongwe kabisa, Wharton ya Pennsylvania imeitangulia tangu 1881. Jina la Haas lilikuja 1989, kwa heshima ya Walter Haas, yule mzee wa Levi Strauss, watengeneza jinzi.

Zamani digrii yao ya kwanza ya biashara ilikuwa ya miaka miwili, yaani hata mwanafunzi wa Berkeley mwenyewe alikuwa anaomba akiwa mwaka wa pili kama wewe tu. Kuanzia 2024 wamegeuza ikawa programu ya miaka minne, wanachukua watoto moja kwa moja kutoka sekondari. Mlango wa transfa kutoka komyuniti koleji haujafungwa, ila usitegemee zile stori za "nenda Berkeley usome kitu kingine chochote ukishaingia utahamia Haas ndani kwa ndani". Hiyo ilikuwa ngumu hata enzi hizo. Na fomu ya Berkeley ukishajaza meja, yaani fani utakayosomea, ndo hiyo hiyo utakayohukumiwa nayo, hawakuchukui wakakuhamishia kwingine kwa huruma.

Ushindani nisikudanganye, kwa wanaotoka nje ya Berkeley ni chini ya mmoja kati ya kumi, na wanaopita wengi GPA zao (wastani wa gredi, mwisho 4.0) zinazunguka 3.9. UC wenyewe wanasema ukiwa mkazi wa California na 2.4 unaruhusiwa kuomba, ukiwa sio mkazi 2.8. Kuruhusiwa kuomba na kuchukuliwa ni vitu viwili tofauti, kama vile kuruhusiwa kuingia uwanjani kufanya majaribio Simba.

Habari njema ni kwamba mfumo wa UC unawapa kipaumbele watu wa komyuniti koleji za California. Zipo 116 jimbo zima, na zaidi ya 9 kati ya 10 wanaohamia UC wanatokea huko. Ndo maana mtu akiniambia anataka Haas akitokea chuo cha jimbo lingine au chuo kikuu cha nyumbani namwambia inawezekana ila anapanda mlima kwa upande wenye mawe.

ASSIST NDO MSAHAFU WAKO

Kuna tovuti inaitwa ASSIST, assist.org, ya bure. Unachagua mwaka, unachagua koleji yako, unachagua Berkeley, unachagua Business Administration, inakufungulia orodha ya kozi: huku kozi ya Berkeley, huku kozi ya koleji yako inayokubalika badala yake. Hicho ndo kitu cha kwanza kufanya, kabla hujaongea na kaunsela (mshauri wa masomo), kabla hujanunua kitabu hata kimoja.

Mimi nilifanya kinyume. Nilienda kwa kaunsela wa koleji yangu, koleji siitaji, mama mpole kweli, akaniambia kwa mtu wa biashara chukua kalkulasi ya biashara, ile ya semesta moja, inatosha. Nikachukua, nikapata A, nikafurahi. Mwaka uliofuata mwezi wa nane nikafungua ASSIST mwenyewe, usiku, niko breki kazini, nakuta mstari unasema kalkulasi inayotakiwa ni mbili zinazofuatana, na ile yangu haimo kabisa. Nilirudia kusoma kama mara tano hivi nikidhani simu imeharibika. Ikabidi nianze upya kalkulasi ya kwanza semesta ile ile na ya pili nikaiweka spring (semesta ya kuanzia Januari), pamoja na takwimu, ndo semesta niliyokonda kuliko zote. Simlaumu sana, yule mama anahudumia wanafunzi mamia wa kila meja, wa uuguzi, wa uchomeleaji, wa kila kitu, hawezi kukariri masharti ya kila shule. Ila GPA ni yako sio yake.

Kozi za msingi kwa ujumla ni hizi: kalkulasi mbili, takwimu, uchumi wa utangulizi, utangulizi wa biashara, na kozi mbili za Kiingereza cha kusoma na kuandika. Tazama ASSIST ya mwaka wako kuona namba zake, na tazama pia ukurasa wa Haas wenyewe kwa sababu huko ndo wanaandika vitu vidogo vidogo. Ulizia na sharti la lugha ya kigeni. Kama ulisoma Kiswahili sekondari kule nyumbani una cheti cha NECTA au KCSE, usikae nacho sandukuni, kipeleke kikaangaliwe kabla hujajisajili kozi ya Kispanyola ya kupoteza pesa na muda bure.

Ratiba ninayowashauri watu, kwa miaka miwili:

Semesta ya kwanza, kalkulasi ya kwanza (au prekalkulasi kama hesabu imekupita miaka mingi, usione aibu), Kiingereza cha kwanza, na uchumi mmoja. Semesta ya pili, kalkulasi ya pili, Kiingereza cha pili, utangulizi wa biashara. Likizo ya kiangazi chukua kitu chepesi cha kujazia. Mwaka wa pili fall (semesta ya kuanzia Agosti) weka takwimu na uchumi wa pili, spring umalizie vilivyobaki. Ukifanya hivi, ile Novemba ya kuomba gredi karibu zote ngumu zinakuwa zishaonekana kwenye fomu. Hilo ni jambo kubwa. Mtu mwenye kalkulasi zote mbili ameshapata A na mtu aliyeandika "nitachukua spring" hawako sawa mezani kwa wanaosoma.

Krediti unazotakiwa kuwa nazo mpaka mwisho wa spring ni 60 za semesta, au 90 kama koleji yako inatumia mfumo wa robo (quarter) badala ya semesta. Juu ya hapo krediti za komyuniti koleji zinazohesabiwa zinaishia 70, zilizozidi hazikuui ila hazikuongezei kitu. Yale masomo ya jumla ya IGETC, ambayo kuanzia fall 2025 yamebadilishwa kuwa Cal-GETC, usiyape nafasi ya kwanza. Nimeona watu wamemaliza historia ya sanaa na jiolojia yote halafu hawana kalkulasi. Masharti ya meja kwanza, mengine baadaye.

Kuhusu gredi mambo matatu ya haraka. Kozi ya msingi ichukue kwa herufi, sio pasi au feli. Kozi uliyopata C ukiirudia UC hawaihesabu gredi mpya, kurudia kunasaidia kwa C minus kushuka chini. Na W moja (kozi uliyojitoa katikati) sio mwisho wa dunia, W nne zinataka maelezo.

Na usifiche chuo! Kama ulisoma mwaka mmoja UDSM au Makerere au Kenyatta ukaacha, ukijaza fomu unakiandika. Najua mtu atasema nani atajua. Wakijua hata baada ya kukuchukua wanafuta kiti. Tena ongea na kaunsela kuhusu hizo krediti za chuo kikuu mapema, maana ukizichanganya na za koleji unaweza kuhesabika umesoma kupita kiwango wanachopokea.

BOKSI NALO NI SIFA

Hapa ndo sisi tunajidharau. Mtu anabeba boksi masaa thelathini kwa wiki, anawatumia wazazi hela ya dawa, anawapeleka wadogo zake shule asubuhi, halafu kwenye sehemu ya shughuli anaandika "sina". Fomu ya UC ina nafasi ya vitu mpaka 20, na kazi ya malipo ni kundi kabisa linalojitegemea. Kila kimoja una herufi 350 tu za kuelezea, herufi sio maneno, kwa hiyo hamna nafasi ya mbwembwe. Usiandike "nilifanya kazi ghala". Andika ulikuwa unapanga nini, watu wangapi, kitu gani kilibadilika kwa sababu yako. Kama ulikuwa mweka hazina wa kikundi cha Wakenya wa Sacramento au kijumbe wa mchezo wa kina mama wa Kitanzania wa Oakland, aisee hiyo ni fedha, uaminifu na hesabu, iandike.

Ila kaza pia upate kitu kimoja pale koleji chenye harufu ya biashara. Klabu ya biashara, kufundisha wenzako hesabu kwenye kituo cha masomo, kusaidia watu wa kipato cha chini kujaza kodi msimu wa kodi (programu ya VITA inafundisha wajitolea bure, na unafanya kazi halisi ya uhasibu). Kimoja ukikifanya mwaka mzima ni bora kuliko vitano vya mwezi mmoja mmoja.

INSHA, NA HAPA NIKAE KIDOGO

UC wanakuuliza maswali manne, moja la lazima kwa watu wa transfa na matatu unachagua kati ya saba. Kila jibu mwisho maneno 350. Lile la lazima linauliza umejiandaaje kwa meja yako na una utayari gani kwa masomo ya juu. Watu wengi hili wanalichukulia kama fomu ya kazi, wanaorodhesha kozi. Kozi zako wanaziona tayari! Wanachotaka ni kuona kichwa chako kinavyofanya kazi.

Dogo mmoja aliniletea ya kwake. Ilianza, kwa Kiswahili ingekuwa hivi: "Tangu nikiwa mdogo nimekuwa na mapenzi makubwa na biashara na ndoto yangu ni kuwa kiongozi atakayeibadilisha Afrika." Nikamuuliza, Afrika yote? Akacheka. Nikamuuliza tena, kabla hujaja huku ulikuwa unafanya nini? Akasema ah, nilikuwa nakaa tu kwenye kibanda cha M-Pesa cha shangazi, Tanga, karibu na stendi. Unakaa tu? Unafanya nini ukiwa umekaa?

Ndo akaanza. Kumbe asubuhi wauza samaki na wenye maduka wanakuja kuweka, droo inajaa hela taslimu, float kwenye simu inaisha, mteja wa kumi anaambiwa rudi baadaye. Mwisho wa mwezi ni kinyume, mishahara imeingia kila mtu anataka kutoa, float imejaa lakini droo haina hata elfu hamsini, na mteja akikosa kwako anavuka barabara kwa wakala mwingine na harudi tena. Shangazi alikuwa anafunga kibanda anakimbia benki. Dogo akaanza kuandika kwenye daftari la mistari saa na kiasi, wiki sita, akaona mfumo: Jumatatu asubuhi kuweka, tarehe 25 hadi 30 jioni kutoa. Akamfuata mwenye duka la jumla jirani, ambaye kila jioni ana taslimu anaogopa kulala nayo, wakakubaliana wawe wanabadilishana, float huku, noti kule. Safari za benki zikapungua.

Nikamwambia sasa hiyo ndo insha. Umeongelea mtaji wa kuendeshea, umekusanya data, umefanya mazungumzo ya biashara, na hujataja hata neno moja kubwa. Sentensi ya kwanza tukaiweka hivi: "Tarehe 28 ya kila mwezi kibanda cha shangazi yangu kilikuwa na pesa nyingi na hakikuweza kumlipa mteja hata mmoja." Msomaji hapo lazima aendelee. Mwishoni akaunganisha na kozi ya takwimu ya koleji, kwamba alipofundishwa mtawanyo wa data ndo akaelewa lile daftari lilikuwa linamwambia nini. Hilo la mwisho ni muhimu, kwa sababu swali linauliza maandalizi, sio kumbukumbu.

Haas wana nguzo nne wanazozisema kila kona: kuhoji mazoea, kujiamini bila majivuno, kuwa mwanafunzi siku zote, na kuangalia zaidi ya nafsi yako. Zijue, ila usizinukuu kwenye insha kama dua. Waonyeshe. Lile daftari lilikuwa nguzo ya kwanza na ya tatu tayari.

Na usiuze huzuni. Najua tumepitia mengi, kuna ndugu zetu wametoka kambi za Nyarugusu na Kakuma, na hiyo ni haki yako kuisimulia, ila maneno 350 yakiwa 300 ya mateso na 50 ya ulichofanya, geuza.

TAREHE

Mpangilio wa tarehe ni huu. Septemba yote ni mwezi wa TAG, ile dhamana ya kuhamia UC, unachagua kampasi moja kati ya Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz. Berkeley, UCLA na San Diego hawamo, na sio kila meja inaruhusiwa, ila jaza TAG mahali, ni bure na inakupa usingizi. Oktoba 1 mpaka Novemba 30 ndo kutuma fomu ya UC yenyewe. Miaka mingine transfa wanaongezwa siku moja mbili, usizitegemee, mtandao siku za mwisho unakuwa kama foleni ya Kariakoo sikukuu. Berkeley transfa inaanza fall tu. Ada ya fomu imekuwa dola 80 kwa kila kampasi na 95 kwa wa kimataifa, na mkazi mwenye kipato kidogo anaweza kusamehewa mpaka kampasi nne.

Ukishatuma hujamaliza. Fungua barua pepe kila siku, mpaka kwenye spamu, kwa sababu Haas wamekuwa na kawaida ya kuwataka waombaji wa biashara wajaze fomu ya ziada yenye CV na maswali yao. Januari kuna taarifa ya masomo inayotakiwa mpaka tarehe 31, unaweka gredi za fall na kozi za spring. Kuna watu wanasahau hii, yaani umepigana miaka miwili unaangushwa na fomu ya dakika ishirini. Majibu ya Berkeley kwa transfa yanatoka kwenye Aprili.

Barua za mapendekezo UC hawazitaki mpaka wakuombe. Ukiongeza shule za nje ya UC mambo yanabadilika: USC Marshall, NYU Stern, Michigan Ross, McCombs ya Texas, kila moja ina dedilaini yake na nyingi zinataka barua na ripoti ya gredi za katikati ya semesta. Weka mbili kati ya hizo kama una nguvu. Na weka Cal State (mfumo mwingine wa vyuo vikuu vya jimbo) angalau mbili, ukiwa na ile diploma ya transfa wanayoiita ADT unahakikishiwa nafasi kwenye mfumo wao, na San José State iko mlangoni pa Silicon Valley, watu wanatoka pale wanaajiriwa vizuri tu. Ndani ya UC pia fikiria uchumi wa biashara wa UCLA au uchumi wa usimamizi wa Davis.

HELA NA VIZA

Mwenye grinikadi, mkimbizi na aliyepewa hifadhi jaza FAFSA (fomu ya kuomba msaada wa ada wa serikali kuu), mapema, na Cal Grant, msaada wa jimbo, dedilaini yake imezoeleka Machi 2. Asiye na makaratasi lakini anaangukia kwenye sheria ya jimbo ya AB 540, ambayo inaangalia miaka na masomo uliyosoma California, kuna fomu ya Dream Act ya jimbo badala yake. Koleji krediti moja ni dola 46 kwa mkazi, na wengi wetu tulisamehewa hata hiyo kwa Promise Grant.

Wa F-1, yaani viza ya mwanafunzi, nisikilize vizuri. FAFSA huipati, ukazi wa California haupati hata ukae miaka mitano, na koleji krediti inazidi dola 300 sehemu nyingi. UC inakuongezea zaidi ya dola 30,000 kwa mwaka juu ya ada ya kawaida. Kaa na familia mpige hesabu ya miaka minne yote, sio ya miwili ya koleji, kabla baba hajauza kiwanja. Kila semesta lazima uwe na krediti 12, na ya mtandaoni inayohesabika ni kozi moja tu. TOEFL, ule mtihani wa Kiingereza, unaweza kuiepuka ukishapita kozi mbili za Kiingereza za koleji zinazokubalika UC kwa wastani wa 2.0.

UKIKUBALIWA

Unajibu mpaka Juni 1, amana ni dola 250. Barua yako ina masharti, isome mpaka chini. Jamaa yangu mmoja alikubaliwa chuo kikubwa tu, semesta ya mwisho akachoka akadropu takwimu bila kuwaambia, Julai wakamfutia. Ukitaka kubadilisha chochote waandikie kwanza, subiri jibu.

Wa F-1, mwambie ofisa wa wanafunzi wa kimataifa wa koleji tarehe ya kuachia rekodi yako ya SEVIS (mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni), ndo shule mpya ikutengenezee I-20, ile hati ya mwanafunzi inayoendana na viza, na masomo mapya yaanze ndani ya miezi mitano. Usisafiri kwenda nyumbani na I-20 ya zamani ukidhani utarudi nayo.

Transkripti rasmi zinatakiwa mpaka Julai 1, kutoka kila chuo, hata kile ulichochukua kozi moja ya kiangazi ukasahau. Za nyumbani ziombe kuanzia Februari, tena tuma ndugu aende mwenyewe dirishani, barua pepe hawajibu.